Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Ukumbi Wenye Giza na Picha za Sura

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mpigapicha wa Unguja. Mchana napiga picha za sura, hasa za maharusi na za wazee wanaotaka kumbukumbu ya familia, na usiku naalikwa kwenye maonyesho ya taarabu na mara mojamoja kwenye matamasha ya Ngome Kongwe. Natumia Canon EOS 700D na lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo. Mchana sina malalamiko, lakini jua likishazama picha zangu hutoka ama zimetikisika ama zimejaa chenga, na flashi haturuhusiwi kuiwasha. Nimedunduliza fedha za lenzi moja tu. Wenzangu wamegawanyika: mmoja ananiambia 50mm f/1.8, wa pili 85mm f/1.8, na wa tatu anasema mtu asiye na 70-200mm f/2.8 asijiite mpigapicha wa jukwaani. Nishike ushauri wa nani? (Msomaji, Mji Mkongwe)

JIBU: Ndugu yangu, kwa kamera uliyo nayo na kwa kazi hizo mbili, nunua 50mm f/1.8. Hata hivyo naomba usiende dukani kabla hujasoma sababu zangu, kwa kuwa jibu hili limetegemea zaidi mahali unaposimama ukumbini kuliko jina la lenzi, na ukisimama kwingine jibu nalo linageuka.

Tuanze na kinachokuumiza. Lenzi yako ikivutwa mpaka 55mm haiwezi kufunguka kuzidi f/5.6. Namba hiyo ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, kama linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Kwa hiyo ukiwa kwenye 55mm na f/5.6, mwanga wote unaoifikia kamera yako unapita kwenye tundu lenye upana wa milimita 10 hivi, wakati 50mm f/1.8 ina tundu linalokaribia milimita 28. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni eneo la tundu na si upana wake peke yake, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ule unaoingia kwa f/5.6. Chukua picha ya aina ambayo bila shaka unayo kwenye kadi yako: ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/60, f/5.6, mwimbaji amegeuza kichwa kuutazama upande wa wapiga fidla na uso wake ukafutika. Picha hiyohiyo, chini ya taa zilezile, ingepigwa kwa f/1.8 na shata ya sekunde 1/250, na ISO ingeshuka mpaka karibu 2500. Uso ungetulia na chenga zingepungua kwa pamoja, na hilo hulipati kwa kubadilisha kitu kingine chochote kwa fedha ndogo kama hiyo.

Huenda ukajiuliza mbona lenzi yako ya sasa ina kifaa cha kuzuia mtikisiko. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako wewe. Mwimbaji hakimtulizi, wala vidole vya mpiga kanuni, na usiku wa tamasha wanaotembea ni wao. Kinafaa sana ukipiga picha ya jengo au ya ukumbi mtupu. Kwa binadamu anayecheza, dawa ni shata ya haraka, na shata ya haraka inataka tundu kubwa.

Sasa tuje kwenye umbali, ambao ndio moyo wa swali lako. Kihisi cha 700D, yaani kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera, kina ukubwa wa milimita 22.3 kwa 14.9, kidogo kuliko kile cha fremu nzima, ambacho kinalingana na filamu ya 35mm, na kwa sababu hiyo 50mm kwenye kamera yako inaona eneo ambalo 80mm ingeliona kwenye kamera ya fremu nzima, na 85mm inakuwa kama 136mm. Hesabu hizo ni rahisi kuzisahau, kwa hiyo nitakupa za kupimia kwa miguu. Ukisimama mita 5 kutoka kwa mwimbaji na kuisimamisha kamera wima, 50mm inakupa urefu wa mita 2.2, yaani mtu mzima aliyesimama, kuanzia viatu hadi kilemba, na nafasi kidogo ya kupumulia. Ukisogea mpaka mita 3 inakupa mita 1.3, yaani kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na mikono na maikrofoni. Lenzi ya 85mm inakupa hiyo mita 1.3 ukiwa mita 5, na ukisogea mita 3 inabaki kichwa na kifua peke yake.

Kabla ya kununua, nenda kwenye onyesho moja na hiyo lenzi uliyo nayo. Izungushe hadi karibu na 50mm, usiiguse tena usiku kucha, na uone ni mara ngapi unatamani kusogea mbele na mara ngapi unatamani kurudi nyuma. Picha zitatoka mbaya kama kawaida, na hilo lisikusumbue, maana usiku huo unapima umbali tu. Kisha nyumbani fungua picha zako za miezi iliyopita kwenye kompyuta uangalie urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye kila faili. Kama nyingi ni za 35 hadi 55, huna la kujiuliza tena. Kama karibu zote ni za 55, na kila moja unaikata pembeni ili mtu aonekane vizuri, hapo rafiki yako wa 85mm ana hoja ya kusikilizwa.

Mimi naegemea 50mm kwa sababu najua jinsi taarabu asilia inavyokaa. Kundi limeketi, udi, fidla, kanuni na akodiani viko bega kwa bega, na mwimbaji anasimama mbele yao akiwa ametulia, mkono mmoja tu ukisindikiza maneno. Jukwaa mara nyingi ni la chini, na mpigapicha anayejua adabu za ukumbi anaweza kuchutama pembeni, mita 3 au 4 kutoka kwa msanii, bila kuwaziba waliokaa. Ukiwa hapo na 85mm kwenye kihisi kidogo utawapata waimbaji na kuwapoteza wapigaji, na wakati watu wanapoinuka kwenda kutunza, noti zikiwa mikononi, hutakuwa na pa kurudi ili uwaingize wote. Utulivu huo unakusaidia pia upande wa shata: sekunde 1/125 inamtosha mwimbaji wa taarabu asilia, ingawa vidole vya mpiga kanuni vinataka 1/250. Ukialikwa kwenye singeli, usianze chini ya 1/500, kwa kuwa pale hakuna kiungo kinachokaa mahali pake.

Kuhusu 70-200mm f/2.8, huyo rafiki yako hajakosea, ila anazungumzia kazi nyingine. Kwenye jukwaa kubwa lililoinuliwa, kama la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, ambako pengine utasimama nyuma ya uzio, lenzi hiyo ni mkombozi. Lakini kwenye f/2.8 inaingiza mwanga usiofika nusu ya ule wa f/1.8, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na bei yake inaweza kununua lenzi ndogo kadhaa na chenji ikabaki. Kwa kamera yako 70mm tayari inabana mno kwa ukumbi mdogo. Siku ukipata kazi ya tamasha kubwa, kodi au azima moja kwa usiku huo.

Upande wa picha za sura, hiyo 50mm itakufaa vilevile, na hapa nataka nikae kidogo. Jambo la kwanza ni umbali kati yako na uso. Ukimkaribia mtu chini ya mita moja, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma, na kosa hilo linaletwa na ukaribu wako. Lenzi haina lawama. Kaa mita 1.5 hadi 2 na uso utarudi kuwa wa mwenyewe. Jambo la pili ni wembamba wa sehemu inayotoka kali. Ukiwa mita 1.5 kwa f/1.8, kilicho kwenye fokasi ni ukanda wa sentimita 6 hivi, na ukisogea hadi mita moja unapungua chini ya sentimita 3, upana usiotosha kutoka kwenye jicho hadi ncha ya pua. Kwa hiyo fokasi iwekwe kwenye jicho lililo karibu nawe, siyo kwenye kilemba wala kwenye kipini. Mzee mmoja aliyekaa barazani anapendeza kwa f/2.2 au f/2.8. Bwana na bibi harusi wakiwa bega kwa bega wanataka f/4, la sivyo mmoja wao atatoka na ukungu, na familia yake haitakusamehe. Ukitaka kuona thamani ya lenzi hii bila kulipia taa hata moja, mkalishe mtu ndani ya mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe alasiri, hatua moja tu kutoka kizingiti, giza la ukumbi likiwa nyuma yake na mwanga wa uchochoro ukimjia ubavuni.

Wala si ajabu kwamba lenzi moja inafaa kazi zote mbili. Lenzi ya kwanza iliyobuniwa mahsusi kwa picha za watu, ile ya Joseph Petzval iliyotengenezwa na Voigtländer mjini Vienna mwaka 1840, ilizaliwa kwa ajili ya uhaba wa mwanga. Lenzi za kamera za Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, za mwaka mmoja kabla yake zilikuwa na tundu dogo, kiasi kwamba mtu alilazimika kukaa kama sanamu kwa dakika kadhaa. Ya Petzval ilifunguka hadi takriban f/3.6 na kuingiza mwanga zaidi ya mara 10, na watu wakaanza kupigwa picha wakiwa na nyuso za kawaida. Tangu siku hizo mtu anayetafuta lenzi ya sura na anayetafuta lenzi ya gizani wamekuwa wakikutana kwenye rafu ileile.

Ukishaipata, usiku wa kwanza fanya hivi. Weka kamera kwenye mfumo wa kuchagua mwenyewe, fungua f/2, ambayo kwa lenzi nyingi za bei hii ni kali kidogo kuliko f/1.8, weka shata 1/160, kisha panda na ISO mpaka uso uonekane vizuri. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe itadanganywa: ukumbi mweusi nyuma ya mwimbaji utaifanya iuunguze uso wake kwa mwanga, na kanzu nyeupe itaifanya iutie giza. Pima uso, yaache mavazi. Tumia nukta ya fokasi ya katikati, ambayo kwenye 700D ndiyo inayofaidika zaidi na lenzi zenye tundu kubwa, na uzime taa ya kusaidia fokasi ili isimulike msanii machoni. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalikamua.

SWALI: Ninapiga picha za harusi Mombasa kwa Nikon D3200. Nimenunua 50mm f/1.8 iliyokwisha kutumika, muuzaji akaniapia kwamba ni nzima. Kwenye kamera yangu haifokasi yenyewe hata kidogo; inabidi nizungushe kwa mkono, na gizani sioni kitu. Isitoshe, nikiipigia tochi naona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo. Nimeibiwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, una matatizo mawili yasiyohusiana, na moja pekee kati yake ndilo la kumrudia muuzaji.

La kwanza, angalia maandishi kwenye lenzi. Kama pameandikwa AF 50mm f/1.8D, basi lenzi haina ubaya. Lenzi za aina hiyo hazina mota ndani yake. Husukumwa na mota iliyomo kwenye kamera, na D3200, kama ndugu zake wote wa D3000 na D5000, haina mota hiyo. Ungeifunga kwenye D7000 au D610 ingefokasi mara moja. Unayoihitaji wewe ni ile iliyoandikwa AF-S 50mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2011, ambayo inabeba mota yake yenyewe. Herufi hizo tatu, AF-S, ndizo za kuzitafuta kabla hata ya kuuliza bei, na niwaonye pia wale wanaofikiria kuhamia kamera za Nikon zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), kwamba kiungio cha FTZ, kinachofunga lenzi hizi kwenye kamera hizo, nacho hakina mota.

La pili ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu limenipata na mimi. Nyuzi ulizoziona ni kuvu. Hewa yetu ya pwani ni ya chumvi na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba miezi miwili ya masika inaweza kuota kuvu mwenye nyumba akiwa hana habari. Mimi niliwahi kununua lenzi ya sura niliyoipenda sana, nikaichunguza mchana dukani, nikaona kioo kinang'aa. Usiku, taa za jukwaa zilipoelekea upande wangu, kila picha ikatoka imefunikwa weupe kama moshi. Kuvu haidhuru sana picha za mchana mwanga ukiwa nyuma yako, ila taa ikiipiga lenzi usoni kila uzi unatawanya mwanga, na sisi wa jukwaani taa zinatupiga usoni kila dakika.

Kwa hiyo mrudishie muuzaji kama anapokea. Kama hapokei, mpelekee fundi anayefungua lenzi upesi, kabla kuvu haijala rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, maana ikishaila hapana usafi utakaoirudisha. Usiiweke pamoja na lenzi zako nyingine. Na unaponunua tena, fanya kama mnunuzi wa madini: fungua tundu hadi mwisho, peleka tochi nyuma ya lenzi, itazame kwa mbele ukiwa kwenye kivuli, kisha geuza tochi upande wa pili. Vumbi chache hazina madhara. Utando, au wingu la weupe, ondoka dukani. Tazama pia vijibamba vya tundu vikifunguka na kufunga: vikiwa na mafuta vitachelewa, na picha zitabadilika mwanga bila wewe kujua sababu. Nyumbani weka lenzi kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko unaokaza pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu, na uitoe ifanye kazi mara kwa mara, kwa sababu kuvu inapenda giza na utulivu.

SWALI: Niko Nairobi, nina kamera isiyo na kioo ya fremu nzima na 85mm f/1.8. Kwenye kumbi zenye taa za LED picha zangu zina mistari ya giza iliyolala, na nyuso hugeuka donge la zambarau lisilo na pua wala mdomo. Nafikiria kuuza lenzi hii ninunue 85mm f/1.4. Itasaidia? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu yangu, usiiuze. Hiyo ni mojawapo ya lenzi bora kwa kazi yako, na hakuna kasoro kati ya ulizozitaja iliyotoka kwake.

Mistari inatokana na shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti. Taa nyingi za LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na shata hiyo husoma kihisi mstari kwa mstari. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imezimika inatoka na giza. Rudi kwenye shata ya makenika, hata kama inalia kidogo, na upunguze kasi hadi karibu 1/125 msanii anapotulia. Kwenye kumbi zenye taa za mirija, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupwesa, yaani huwaka na kufifia, mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/100 au 1/50 huzimaliza fujo zake. Kamera nyingi zina mpangilio wa kuzuia kupwesa unaofaa kwa mirija hiyo. Kwa LED za jukwaani usiutegemee.

Donge la zambarau ni jambo jingine. Taa ya buluu au ya zambarau inajaza rangi moja tu ya kihisi mpaka ikafurika, na huku kipimo cha jumla kinakuambia picha bado ina giza. Ukifungua tundu zaidi unazidisha mafuriko. Ndiyo maana f/1.4 ingekuumiza zaidi hapo. Washa grafu inayoonyesha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, na ushushe mwanga mpaka buluu iache kugonga ukuta wa kulia.

Tofauti ya f/1.4 na f/1.8 ipo, sikatai: mwanga mara 1.65, yaani ISO 5000 inakuwa 3200. Mwenye kupiga kila usiku kwenye kumbi nyeusi ataiona. Lakini kwa fremu nzima, ukiwa mita 2 kwa f/1.8, ukanda ulio kwenye fokasi una sentimita 6 tu, na ukifungua f/1.4 unashuka chini ya sentimita 5, na mwimbaji anayeyumba na maikrofoni anatoka ndani yake kila anapovuta pumzi. Kwanza jaribu hili. Katika kumbi nyingi mpigapicha anaruhusiwa nyimbo tatu za mwanzo peke yake. Wimbo wa kwanza usipige sana. Tazama mwendeshaji wa taa anavyozizungusha, maana mara nyingi ana mzunguko anaourudia, na mahali fulani ndani yake, pengine kiitikio kinapoingia, taa nyeupe au ya manjano inamwangukia mwimbaji kwa sekunde mbili tatu. Wimbo wa pili uwe umeshafokasi kwenye jicho, ukisubiri hapo.